Ubani wa Gunzi la Mahindi

Sanduku bado liko sebuleni, na kila mutu anayeingia analigonga goti. Ni refu kuliko kitanda, la mbao za tripleksi, na limeinama kidogo upande wa dirisha kwa sababu sakafu yetu ya Katindo, hapa Goma, ilimwagwa juu ya mawe ya volkano na haijawahi kunyooka. Dada yangu wa Butembo alipokuja kunitembelea juzi aliniuliza kwa nini silitoi nje nikaweka kanape ya maana ya kukalia. Nikamwambia, litoe wewe. Akalishika pembe, akalizunguka, akaliachia, akaenda kupika chai.

Basi niseme lilikuwa la kazi gani, maana watu wa avenyu yetu wanajua lakini wageni wanadhani ni jeneza. Si jeneza. Ni njia ya upepo. Upepo unaingia upande huu, unapita mbele ya kioo, unatoka upande ule. Papa yangu alilijenga ili auone upepo kwa macho yake kabla macho yenyewe hayajafunga, na mimi ndiye niliyekanyaga pedali.

Papa alifundisha mekanika katika shule ya ufundi mpaka mvi zikamaliza kichwa. Kila mwaka aliandika ubaoni fomula ileile, kwa Kifaransa, inayoeleza kwa nini kitu kilichorushwa huku kinazunguka kinakaa sawa hewani, na kwa nini kisichozunguka kinapinduka. Kila mwaka wanafunzi waliiandika, wakafaulu mutihani, wakaisahau. Na yeye mwenyewe hakuwahi kuiona ikitendeka. "Nilifundisha kama katekista anavyofundisha mbingu," aliniambia siku moja, akacheka, lakini kicheko chenyewe hakikuwa kizuri.

Kitu kimoja tu alikuwa ameona, tena akiwa mutoto, kule Kalengera. Mahindi yakishapukuchuliwa, watoto walichukua magunzi wakachomeka manyoya ya kuku kwenye mukia. Manyoya yakilazwa upande mumoja, gunzi lilizunguka likienda, na likaenda moja kwa moja mpaka shamba la jirani. Yakichomekwa ovyo, gunzi lilipinduka mara mbili tatu na kuanguka hapo hapo karibu na miguu, na watoto wakakucheka mpaka jioni. Papa alichekwa sana, nadhani. Hakuna mutu anayebeba swali la namna hiyo mpaka uzee kama hakuchekwa.

Halafu macho yakaanza. Daktari alisema ni presha ya macho, kwamba kilichopotea hakitarudi, na kilichobaki atajaribu kukilinda kwa matone ya dawa, lakini asitumaini sana. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani wakati ule baada ya ndoa yangu kuharibika. Mama alikuwa ameshatutoka, na Papa alikaa peke yake na redio. Nilidhani nimekuja kumutunza muzee. Kumbe muzee alikuwa ananisubiri kama mutu anayesubiri kibarua! Tulipotoka hospitali na kufika nyumbani aliniomba kamba ya kupimia.

"Ya nini, Papa?"

"Nataka kuona upepo mbele macho ifunge kabisa."

"Upepo? Kaa kwa dirisha, uangalie nguo kwa kamba."

"Ile ni nguo," akasema. "Mie nataka upepo."

Nilikasirika. Niko na hasira za karibu, kila mutu wa avenyu atakuambia. Nilitaka akae, anywe dawa, anisimulie habari za zamani kama wazee wa watu wengine. Nilikuwa nafundisha darasa la tatu, watoto wengi kuliko madawati, narudi na chaki mpaka kwenye nyusi, halafu nyumbani nakuta muzee anapiga misumari! Lakini akishaamua, Papa alikuwa hasikii. Aliishika kazi kwa vidole zaidi kuliko kwa macho, akipapasa kila pembe ya mbao, na mimi nikasimama pembeni na mikono kiunoni mpaka nikajikuta nimeshika nyundo.

Mirija ndiyo iliyonimaliza. Alisema upepo ukiingia ovyo, utakuwa na fujo ndani, kwa hiyo mudomoni mwa sanduku lazima ujazwe mirija ya kunywea soda, imelazwa pamoja, ili upepo unyooke kwa kupita humo. Mwenye baa ya hapo kona alitutunzia mirija iliyotumika, mufuko baada ya mufuko. Nani aliyeiosha? Mimi, kwenye beseni, kwa sabuni, mbele ya watu wote waliopita. Mwalimu muzima, naosha mirija iliyonyonywa na walevi! Mama wa sambaza, jirani yetu wa mbele, alivuka kuja kuniangalia. Tunamwita hivyo kwa sababu anachukua sambaza kule Keshero asubuhi na kuzianika juu ya mabati yake, na nyumba yetu yote inanuka samaki kuanzia saa nne.

"Mwalimu, munafungua baa?" akauliza.

"Uliza muzee."

"Nilimuuliza. Anasema anatafuta upepo." Alipiga makofi, akacheka mpaka akakaa chini. "Aka! Upepo wa Goma hii yote haumutoshi?"

Vantilateri ilitoka kwenye lori lililokufa, ile inayopoza radiateri, na Papa aliifunga kwa munyororo kwenye kinga yake ya zamani, baiskeli aliyoendea shuleni. Aliondoa gurudumu la mbele, akaisimamisha imara, akaniambia nipande. Umeme wa kwetu unakuja unapotaka, alisema, lakini binti yangu niko naye kila siku. Basi nikapanda. Gunzi la kwanza liliwekwa ndani, likaanza kuzunguka lenyewe. Papa alifurahi mno! Alipiga kioo kwa kidole, akaimba wimbo wa kanisani. Halafu akaweka kiganja mudomoni mwa sanduku, na uso ukamushuka. Tulikuwa tumeweka vantilateri mbele, inasukuma, na upepo wenyewe ulikuwa unaingia unazunguka. Si gunzi lililokuwa na nguvu. Ni upepo uliokuwa umelewa.

"Tunageuza," akasema. "Vantilateri nyuma. Upepo tuuvute, tusiusukume."

"Leo?"

"Mutoto wangu, macho hayanipi kesho nyingi."

Tukageuza. Nililalamika kila skrubu, lakini tukageuza. Kwa hiyo kuanzia siku ile mimi nilikanyaga nyuma ya sanduku, mgongo wa vantilateri mbele ya pua yangu, na kioo kilikuwa upande wa pili kabisa. Kumbuka hilo.

Sasa gunzi. Alilichonga mudomo likawa na pua, akalitoboa katikati akapitisha waya wa gurudumu la kinga, na mwisho huu na huu akaweka rulema ndogo za gololi ili lizunguke bila kukwama. Lote akalitundika ndani ya duara mbili za waya, moja ndani ya nyingine, hivi kwamba gunzi liliweza kuinua pua, kuishusha, kuipeleka kushoto na kulia jinsi lilivyotaka, lakini halikuweza kuruka na kwenda. Alilizungushia uzi, na akiuvuta kwa nguvu, gunzi lilizunguka kama pia ya watoto.

Bila uzi, nikikanyaga tu, gunzi lilitetemeka, likageuka ubavu, halafu likapinduka mukia mbele. Kila mara. Lakini Papa akivuta uzi kwanza, likizunguka kwa nguvu, lilifanya kitu kingine kabisa. Pua yake ilichora duara kubwa hewani, halafu duara ndogo, halafu ndogo zaidi, mpaka likatulia kimya limeelekea upepo. Likichoka, duara zikarudi, kubwa na kubwa zaidi, mpaka likaanguka ubavu. Haya nayajua kwa sababu Papa aliyasimulia kwa sauti kila mara, kama mutu wa redio anayetangaza mpira.

"Linasalimia! Ona, linasalimia watu wote wa huku na huku. Sasa limekaa. Limekaa, mama yangu! Kanyaga!"

Kitu kimoja kilitupata hapo katikati. Papa alikutana na mwenzake wa zamani baada ya misa, wakazungumza kwa Kifaransa nje ya kanisa, na Papa akatamka neno "projektile", yaani kitu kinachorushwa kama risasi au bomu, kwa sauti ya mwalimu, ile inayofika nyuma ya darasa. Katika muji huu neno hilo halitamkwi hivyo. Sisi tunajua vitu vinavyoruka, na hatujavipenda. Jioni shefu wa avenyu, mukubwa wetu wa mutaa, alikuwa mulangoni, uso muzito, anamuuliza muzee kwa heshima ni kitu gani anachotengeneza mule ndani. Papa alimuwekea gunzi mukononi.

Shefu aliligeuza, akalinusa. "Ni muhindi."

"Njo ile," Papa akasema.

"Muhindi tu?"

"Muhindi tu. Panda kinga, utaona."

Shefu alikanyaga mpaka jasho likamutoka, akaenda kwake akicheka peke yake barabarani. Lakini Papa hakucheka. Usiku ule wakati wa kula alisema kwamba kama kuna kitu kinachoruka ambacho watu wa Goma wanaweza kukipenda, basi kiwe gunzi. Neno lile jingine hakulitumia tena.

Gunzi aliliona. Lilikuwa kubwa, na macho yake bado yalishika vitu vikubwa. Upepo ndio hakuuona. Alitaka kuona jinsi hewa inavyogawanyika kwenye pua, inavyopita ubavuni, na jinsi kuzunguka kunavyoivuta upande mumoja kidogo, kama alivyochora ubaoni miaka yote. Ili hewa ionekane inahitaji moshi. Alipaka ukuta wa ndani masizi ya makala, yaani makaa, na mafuta, ukawa mweusi tititi, tukaweka mbabula, lile jiko la makala, mudomoni mwa sanduku. Moshi wa makala ulipita mwembamba. Nilishuka kwenye kinga kuuangalia, na vantilateri ikasimama, na moshi ukajaa chumba. Nikapanda tena. "Unaona, Papa?" "Bado." Tukachoma majani mabichi ya mukalitusi, tukakohoa machozi. "Unaona?" "Bado kidogo." Tukachoma kitambaa chenye mafuta, na mama wa sambaza akaja kupiga kelele kwamba tunaharibu samaki zake. "Unaona, Papa?" Siku hiyo alimwaga maji juu ya makala.

Asubuhi iliyofuata alijimiminia chai. Nilikuwa mulangoni na mufuko wa shule begani. Aliinua termosi, akamimina polepole, kwa uangalifu wote, pembeni ya kikombe. Chai ilienda juu ya meza, ikashuka kwenye suruali yake, na yeye akaendelea kumimina mpaka moto ulipomufika mapajani. Aliweka termosi chini. Hakugeuka kuona kama nipo. Alichukua kitambaa akapangusa meza mahali pote, hata mahali ambapo hapakuwa na chai, na mimi nikatoka kimyakimya nikaenda kufundisha watoto kujumlisha. Nililia chooni mwa shule kama mutoto. Kama nisingejua alichokuwa anakitafuta, nadhani ningevumilia, lakini nilijua, na nilikuwa nimemusumbua kwa ajili ya mirija.

Ni mimi niliyekwenda kwa sakristani. Anatunza vyombo vya kanisani, na ni rafiki wa Papa, muzee mwenzake, walibatizwa siku moja. Nikamueleza: moshi munene, mweupe, unaokwenda polepole. Alifikiri, akafungua kabati, akaniletea kopo la ubani. Akakwangua chini kabisa yale makombo yanayobaki, akayafunga kwenye karatasi. "Ule muzuri ni wa Pasaka," akasema. "Lakini huu nao ni mweupe. Usiseme kwa padri."

Sasa hapa nisimame nieleze jambo ambalo mutu wa avenyu yetu hahitaji kuelezwa. Ubani ni wa kanisani. Ukiusikia unatoka nyumbani kwa mutu, sababu ni moja tu: mwili uko ndani, na padri amekuja kuutoa. Hakuna sababu nyingine. Hakuna mutu anayefukiza ubani nyumbani kwa kupenda harufu. Mimi nilijua hilo kama ninavyojua jina langu, na Papa alilijua, na sakristani alilijua kuliko sisi wote. Na hakuna hata mumoja wetu aliyelifikiria! Vichwa vyetu vyote vilikuwa ndani ya sanduku.

Ilikuwa Jumamosi, jua limeanza kushuka. Papa alitaka giza kidogo, tukafunga mapazia. Akaweka kipande cha ubani juu ya makala, akavuta uzi, nikakanyaga. Harufu ilijaa nyumba, ikatoka chini ya mulango, ikaenda barabarani.

"Unaona?"

"Kuna kitu," akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Kuna kitu, lakini ni kama maziwa ndani ya maziwa. Mwanga hautoshi. Kanyaga!"

Nikasikia yowe nje. Yowe lile refu, lenyewe, ambalo ukilisikia mwili wote unasimama. Nikajua ni mama wa sambaza, na nikafikiri, Mungu wangu, mama wa watu amefiwa! Likajibiwa na la pili kutoka nyumba ya chini, na la tatu. Nikapunguza miguu.

"Usiache!" Papa akapiga kelele. "Usiache, limekaa!"

Mulango ukafunguka. Wanawake wa avenyu waliingia wakiwa wamejifunga vikwembe kiunoni, mikono kichwani, wengine na viti vya plastiki, mumoja na kilo za sukari, mwingine na gunia la makala ambalo mume wake alilibeba nyuma yake. Chumba kilijaa kilio. "Ee muzee wetu! Ee papa wa watu! Ametuacha bila kuaga!" Na mimi ninakanyaga. Niambieni ningefanya nini? Papa amesema nisiache! Mama wa sambaza aliniona juu ya kinga, na machozi yakamusimama shavuni.

"Mwalimu," akasema, "unaenda wapi?"

Ndipo wakasikia sauti kutoka upande ule wa sanduku, mahali ambapo giza lilikuwa zaidi.

"Fungeni mulango. Munaniharibia upepo."

Halafu: "Yesu Maria!" Mutu alidondosha kiti. Wawili walikimbia nje, na nawajua, na wanajua nawajua. Lakini mama wa sambaza hakukimbia. Yeye alitoa simu yake, akawasha toshi, akaielekeza pale sauti ilipotoka, ili ahakikishe kama ni mutu au ni kitu kingine. Na wengine nyuma yake wakatoa simu zao, wakawasha. Mwanga wote ukapita kwenye kioo kutoka ubavuni.

"Musizime!" Papa akasema. "Musizime! Ee Bwana, musizime!"

Nilikanyaga. Miguu iliwaka moto. Kutoka mahali pangu niliona migongo tu, vikwembe vya maua na vya bluu, na vichwa vilivyokuwa vinalia sasa vinainama polepole kwenye kioo. Nikasikia mutu anasema, "Aa!" kama anavyosema mutu akiona mutoto muchanga. Mwingine akasema, "Ona inavyopita." Mwingine, "Kumbe inakunja hapa." Na Papa alikuwa anaonyesha kwa kidole, najua kwa sababu nilisikia ukucha wake kwenye kioo, anaeleza kwa Kiswahili kitu alichokifundisha maisha yote kwa Kifaransa: upepo unakuja hapa, unaona pua, unagawanyika, huku unakimbia na huku unachelewa, kwa sababu gunzi linazunguka linauchukua. "Naona," akasema. Akarudia, naona, naona, na alikuwa analia, na wanawake waliokuja kumulilia wakalia naye.

Uzi uliisha nguvu, gunzi likaanza kusalimia, likaanguka ubavu. Nikashuka kwenye kinga.

Halafu ikabaki swali la sukari na makala. Kwetu kilicholetwa kwenye kilio hakirudi kilikotoka, ni mukosi, hakuna mutu atakayekibeba mulangoni tena. Kwa hiyo makala yakawashwa, ugali ukapikwa, sambaza zikavuka barabara. Papa alikula kwenye kilio chake mwenyewe, akaomba kuongezewa, na kila aliyepita nje akaulizia nani amekufa aliambiwa aingie amuone marehemu anavyokula. Sijawahi kucheka vile tangu siku ile. Padri alipata habari, ndiyo. Alimwita sakristani, na tulisikia kwamba alianza kwa kukaripia na akamaliza kwa kuuliza kama naye anaweza kuja kuona.

Macho yalifunga mvua kubwa zilipokuja. Papa hakuhangaika kama nilivyoogopa. Alisema alichokitaka amekipata. Lakini hakuacha kazi, loo, hilo hapana. Alijifunza kulisikiliza gunzi: likitulia lilivuma sawasawa, likianza kusalimia sauti ilipanda na kushuka, na aliweza kuniambia kabla halijaanguka. Jumamosi jioni sakristani alipitisha makombo yake, nikakanyaga, harufu ikatoka, na wanawake wa avenyu walikuja. Hawakupiga yowe tena. Walisema tu barabarani, "Muzee ameanza," wakachukua simu zao. Mama wa sambaza alifika wa kwanza kila mara, toshi imeshawaka tangu kwake, akasimama ubavuni mwa kioo mahali pake, na akauliza swali lile lile kabla hata ya kusalimia: "Leo inazunguka?" Na Papa akajibu, "Inazunguka, mama." Kisha yeye ndiye aliyemusimulia Papa alichokuwa anakiona, na Papa akamusahihisha. Miaka ile ninaikumbuka kwa miguu. Nikipanda ngazi hata leo na mapaja yakauma, nasikia harufu ya ubani na samaki, na ninaitamani nyumba ile iliyojaa watu wanaoangalia moshi.

Mimi sikuona kamwe. Kila mara nilisema Jumamosi ijayo mwingine atakanyaga, na kila mara Papa alisema wengine hawana mwendo wangu. Nilijivunia hilo kuliko nilivyotaka kuona.

Alikufa asubuhi, kitandani kwake, bila kusumbua mutu. Nilimupelekea chai nikakuta amekwenda. Desturi inataka nitoke uani nipige yowe, na watu wote waje. Nilitoka uani. Nikafungua mudomo. Sauti haikuja. Mimi mwenye makelele, ninayesikika mpaka kambi ya askari nikimgombeza mwenye maji, sikutoa kitu. Nikarudi ndani nikampigia sakristani simu, na yeye akaja mbio na kopo lake, akamuosha rafiki yake pamoja nami, akamuvalisha suti, akawasha makala kumusubiri padri. Akaweka ubani. Safari hii hakukwangua chini. Aliuchukua ule wa Pasaka.

Harufu ilienda barabarani kama ilivyokuwa inaenda. Nilikaa karibu na kitanda nikasubiri. Nilisikia watu wanapita. Nikasikia jirani wa chini anasema, "Muzee ameanza mapema leo," na mwingine akajibu kwamba atakuja akimaliza kufua. Hakuna aliyekimbia. Hakuna aliyebeba kiti. Papa yangu alikuwa amelala mule ndani na ubani mweupe juu yake, na avenyu nzima iliendelea na kazi zake, ikifurahi kwamba muzee ana nguvu.

Halafu nikasikia kandambili zinavuka barabara. Mama wa sambaza alisukuma mulango kwa bega, mikono ina magamba ya samaki, toshi inawaka muchana kweupe. Alikwenda moja kwa moja kwenye sanduku, akasimama ubavuni mwa kioo mahali pake, akaelekeza mwanga ndani.

"Leo inazunguka?"

Nikatoka chumbani nikasimama mbele yake.

"Hapana, mama," nikasema. "Leo haizunguki."

Aliniangalia. Akaangalia kinga, ambayo hakuna mutu aliyekuwa juu yake. Akazima toshi.